Beba mama, mtoto azaliwe Mtwara

Nazungumzia madini yenye mionzi ambayo hospitali humdunga mgonjwa ili kupiga picha za ndani ya mwili, nayo hupungua yakiwa njiani. Dar hadi Mtwara ni kilomita zipatazo 560, tuseme saa 10 za gari. Florini-18, ile ya skani ya PET (aina moja ya picha hizo), hupungua nusu kila dakika 110, kwa hiyo ikifika Mikindani imebaki asilimia 2 tu. Teknishiamu-99m, inayopungua nusu kila saa 6, itafika na asilimia 31. Molibdenamu-99, inayoizaa teknishiamu, nusu uhai wake ni saa 66: itafika na asilimia 90. Hesabu imeisha hapo. Huku kusini husafirishi mtoto, unasafirisha mama.

Mama huyo hukaa ndani ya jenereta (siyo ile ya dizeli, hii haina kelele): kibomba cha alumina (oksidi ya alumini) kilichofunikwa kwa madini ya risasi, yanayozuia mionzi. Molibdeti, yaani molibdenamu kama ilivyo humo, hung'ang'ania alumina, teknishiamu hushika kidogo tu. Unapachika kichupa cha maji ya chumvi ya asilimia 0.9 upande mmoja, upande wa pili kichupa chenye ombwe (kilichoondolewa hewa) ndani ya kinga ya risasi. Ombwe linavuta, maji yanapita, teknishiamu inatoka nayo. Umeme ukikatika utaendelea kukamua, yaani kuitoa teknishiamu hivyo. Maji yasiposogea, mara nyingi kichupa kimepoteza ombwe, badilisha.

Kabla ya kumdunga mtu yeyote, pima molibdenamu iliyoponyoka pamoja na teknishiamu. Weka kichupa kwenye kikombe cha risasi: miale ya teknishiamu inazuiwa, ile kali ya molibdenamu inapenya na kusomeka. Kikomo ni kilobekereli 0.15 za molibdenamu kwa kila megabekereli 1 ya teknishiamu (bekereli ni kipimo cha mionzi; mega ni kilo 1,000). Uwiano huo karibu hujirudufu kila saa 6, maana mtoto hufa haraka kuliko mama. Iliyofaulu kwa shida saa 2 asubuhi inaweza kuwa imefeli saa 8 mchana.

Balaa kubwa ni hewa. Dawa za kupigia picha ya mifupa, zinazochanganywa na teknishiamu, zina madini ya bati linaloiandaa teknishiamu ishikamane na dawa. Ukisukuma hewa kwenye kichupa cha dawa, bati linaharibika, teknishiamu inabaki huru, na kwenye picha ya mifupa zinawaka tezi ya shingo na tumbo la chakula. Hapo watu humshuku mgonjwa bure.

Jenereta iliyolala wikiendi nzima huleta tatizo jingine: teknishiamu-99 iliyochoka, mabaki ya 99m, imejazana, nayo hugombania bati lile lile. Kamua Jumapili jioni, weka pembeni, ndipo Jumatatu asubuhi ukamue ya kutumia.