Miezi minane kiti cha kushoto

Huu mwezi wa nane nakaa kiti cha kushoto cha gari la polisi hapa Uingereza, na sijawahi kushika usukani king'ora kikiwa kinalia. Hiyo ni kazi ya mkufunzi wangu. Mimi bado askari mwanafunzi: nikiendesha, nasimama kwenye taa nyekundu na kufuata kibao cha mwendo kama raia yeyote. Kozi ya kuendesha kwa dharura itakuja baadaye. Mwanzoni nilikereka sana. Sasa nashukuru, maana kiti hiki kimenifundisha kutazama.

Abiria wa gari la dharura hana nafasi ya kupumzika. Redio ni yangu, ramani ni yangu, kila njia panda nachungulia kushoto na kumwambia mwenzangu kama pako salama. Juu ya hayo, mkufunzi anataka niseme kwa sauti kila ninachokiona mbele. Mapipa ya taka yametolewa nje ya nyumba: huenda lori la taka liko baada ya kona. Mavi mabichi ya farasi barabarani: mpanda farasi hayuko mbali. Basi limesimama: angalia chini yake kama kuna miguu inayotembea.

Hapo ndipo nilipokwama. Nilikuwa naona kwa Kiswahili, na nikishapata Kiingereza chake, basi tumeshalipita. Usiku mmoja mkufunzi akaniambia, "Sema kwa lugha yako. Nataka macho, sitaki sarufi." Nikasema Kiswahili zamu nzima. Haelewi hata neno moja, lakini mara tatu alinigeukia: "Umenyamaza. Umeacha kutazama." Na mara zote tatu alikuwa sahihi.

Watu hudhani king'ora kinafungua kila kitu. Sheria inaturuhusu kuvuka kikomo cha mwendo na kupita taa nyekundu kazi inapodai, lakini taa yenyewe tunaifikia kama mtu anayeomba njia. Kuendesha kwa hatari ni kosa hata ukiwa na sare. Na breki haijui kwamba mimi ni polisi. Kwa maili 30 kwa saa, mwongozo wa barabara wa hapa unakadiria mita 23 hadi gari lisimame. Kwa maili 60, mita 73. Mwendo mara mbili, umbali zaidi ya mara tatu. Nimezihesabu hizo mita 73 kwa hatua zangu uwanjani, na tangu siku hiyo mguu wangu wa kulia umepata adabu.

Vifungu vya sheria vinasomeka, sitavirefusha. Cha 163 cha Sheria ya Trafiki ya 1988 kinampa askari mwenye sare mamlaka ya kusimamisha gari lolote barabarani. Kipimo cha ulevi hapa England ni mikrogramu 35 za pombe kwa mililita 100 za pumzi. Unakariri, unajibu mtihani.

Ajali haikaririki. Ya kwanza kwangu ilikuwa jioni ya mvua, magari mawili yamegongana uso kwa uso. Kijana mmoja alikuwa barabarani ameshika mkono, anapiga mayowe, nami nikashika kitasa cha mlango nimkimbilie. Mkufunzi akanizuia. Kwanza akaegesha gari letu mshazari, nyuma ya ajali, taa zote zinawaka, ili atakayekuja kasi agonge bati letu asitugonge sisi. Kisha akasema, "Huyo anapumua, unamsikia. Nani yuko kimya?"

Aliyekuwa kimya ni mzee kwenye gari la pili, mkanda umemshikilia, kidevu kimelala kifuani. Nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikapiga magoti kwenye kiti, nikakishika kichwa chake kwa viganja vyote viwili na kukiinua taratibu mpaka kikanyooka. Akakoroma mara moja, halafu pumzi ikapita. Sikumwachia. Nikajikuta namwita mzee wangu, namwambia usilale mzee wangu, wanakuja, na baada ya muda akanijibu kwamba ana baridi. Mikono ilikuwa inanitetemeka wahudumu wa gari la wagonjwa walipoipokea shingo yake.

Baadaye tukawapima madereva wote wawili, mzee akiwa tayari ndani ya gari la wagonjwa. Sifuri na sifuri. Tukapanga koni, tukaandika saa na majina, tukasubiri magari yavutwe.

Tulipomaliza nikafungua mlango nikae. Mkufunzi akanisimamisha nikung'ute suruali kwanza. Vipande vya kioo vilikuwa vimenasa magotini, na zamu ya usiku ingekalia kiti hichohicho.