Rupia Mbili Zilizopungua Gramu Tatu: Jinsi Nilivyorudisha Sarafu Bandia Niliyoinunua Mtandaoni

Sarafu iliyonifikia kwa posta ilikuwa na sura yote ya ile niliyoiona kwenye tangazo. Upande mmoja alikuwapo Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani, amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na upande wa pili ilikuwapo nembo ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, simba mbele ya mtende, pamoja na thamani ya rupia mbili na mwaka 1893. Niliiweka juu ya mizani yangu ndogo, ile wanayotumia wauza vito, nayo ikasoma gramu 20.14. Niliiondoa, nikaisawazisha mizani upya, nikapima tena mara tatu, na jibu likabaki lilelile, ilhali rupia mbili ya kweli ina gramu 23.32.

Kwa mtu asiyekusanya sarafu, upungufu wa gramu tatu unaweza kuonekana kuwa jambo dogo, lakini kwa sarafu hii uzito ndio uliokuwa kauli yake tangu mwanzo. Kampuni ile ilipoanza kutoa rupia mwaka 1890 iliifuata rupia ya Uhindi, ambayo tayari ilikuwa imezoeleka katika biashara ya pwani, ikachukua uzito wake na kiwango chake cha madini: gramu 11.66, ambazo ndizo tola moja, kipimo cha uzito cha Uhindi, na katika kila sehemu 1000 za sarafu, sehemu 917 zikiwa fedha halisi. Rupia mbili, basi, ni tola mbili kamili. Mfanyabiashara wa wakati ule aliipokea kwa sababu aliweza kuipima mwenyewe, bila kulazimika kumwamini kaisari ambaye hakuwahi kumwona. Sarafu za rupia mbili zilitolewa kwa miaka miwili tu, 1893 na 1894, na uchache huo ndio unaozifanya zitafutwe sana na wakusanyaji, na ndio pia unaowavuta waghushi.

Naishi Uingereza kwa mwaka wa tisa sasa, na mkusanyo wangu mdogo ni wa fedha zilizowahi kutumika katika nchi ambazo leo tunaziita Tanzania Bara, Rwanda na Burundi. Sizikusanyi kwa kuwatukuza waliozitoa. Kodi ya vibanda waliyotozwa wazee wetu na Wajerumani ilihesabiwa kwa rupia hizi, na kila ninapoishika mojawapo ninawafikiria watu waliolazimika kuacha mashamba yao wakatafute kazi za ujira ili waipate. Ndiyo maana nakala bandia iliniumiza kuliko hasara ya pesa. Nilikuwa nimeishika mkononi kwa dakika kadhaa, nikiwawazia watu ambao kipande kile cha chuma hakikuwahi kupita mikononi mwao.

Kabla ya kumwandikia muuzaji, nilijitahidi kuyahakikisha mashaka yangu, kwa maana kumtuhumu mtu bila ushahidi ni kumkosea. Niliifunga sarafu kwa uzi mwembamba, nikaweka kikombe cha maji juu ya mizani na kuirudisha mizani kwenye sifuri, kisha nikaizamisha sarafu ikining'inia bila kugusa chini wala kando ya kikombe. Mizani ilionyesha ongezeko la gramu 2.30, ambalo ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Ukigawanya 20.14 kwa 2.30 unapata karibu 8.8, na hiyo ndiyo densiti ya kitu chenyewe, yaani uzito wake ukilinganishwa na maji ya ukubwa uleule. Fedha halisi ina densiti ya karibu 10.5, na ile ya kiwango cha 917, iliyochanganywa na shaba, hukaribia 10.3. Densiti ya 8.8 ni ya shaba na michanganyiko yake. Kwa maneno mengine, sarafu niliyopewa ilikuwa na ukubwa uleule wa sarafu ya kweli, ila ndani yake hamkuwa na madini yaliyotajwa. Kwa kioo cha kukuzia niliona pia mstari mwembamba uliozunguka ukingo wote, mahali ambapo nusu mbili za kalibu, yaani umbo la kumiminia madini, zilikutana, na vitundu vidogo juu ya shavu la kaisari, ambavyo hutokea madini yanapomiminwa badala ya kupigwa chapa. Sumaku haikuinasa, lakini jambo hilo halithibitishi lolote, kwa kuwa shaba nayo hainaswi na sumaku. Nalitaja kwa sababu wauzaji wengi huonyesha jaribio hilo kana kwamba ni uthibitisho.

Jambo moja sikulifanya, nami nawasihi wenzangu wasilifanye kamwe: sikuisafisha. Wala sikuikwaruza ili nione rangi ya chuma cha ndani. Kitu unachotaka kukirudisha lazima kirudi kikiwa katika hali ileile kilivyofika, la sivyo unampa muuzaji hoja ambayo hakuwa nayo.

Nakiri kwamba siku mbili zilipita kabla sijaandika. Wengi wetu tumekulia katika mazoea ya kuona kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na kwamba anayerudi dukani na kitu mkononi ni mtu wa shari. Ugenini huongezeka hofu nyingine, ile ya kugombana kwa lugha ya watu na kuonekana kuwa mgeni asiyejua taratibu. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa ndefu mno. Niliomba radhi mara mbili, nikaeleza jinsi nilivyosikitika, nikamuuliza muuzaji kama labda naye alidanganywa. Niliifuta yote. Katika barua ya pili niliweka maneno ya tangazo lake kama alivyoyaandika mwenyewe, yaani sarafu halisi, fedha, gramu 23.3, na chini ya kila neno nikaweka nilichokipima pamoja na picha yake. Nikamalizia kwa kusema kwamba kitu nilichopokea hakilingani na maelezo, kwamba naomba kukirudisha na kurudishiwa pesa zote pamoja na gharama za posta, na nikaandika tarehe. Barua hiyo haikuwa na matusi, wala haikuwa na unyenyekevu uliopitiliza. Niliituma kupitia ukurasa wa malalamiko wa soko la mtandaoni nilikoinunua, si kwa barua pepe binafsi, ili kila neno libaki kwenye kumbukumbu.

Jibu lilikuja usiku uleule. Muuzaji alisema kwamba yeye si mtaalamu, kwamba sarafu ilikuwa imechakaa na ndiyo maana uzito ulipungua, na kwamba tangazo lake lilieleza wazi kuwa hapokei bidhaa zilizorudishwa. Kisha akajitolea kunirudishia theluthi moja ya pesa ikiwa ningeifunga kesi, yaani malalamiko niliyoyafungua sokoni, siku hiyo hiyo na kubaki na sarafu.

Hoja ya uchakavu ndiyo iliyohitaji kujibiwa kwa makini, kwa kuwa ina ukweli ndani yake: fedha ni madini laini, na sarafu iliyopita mikono mingi hupungua. Hata hivyo, gramu 3.18 ni zaidi ya asilimia 13 ya uzito wote, na sarafu iliyopoteza kiasi hicho isingeweza kubaki na herufi kali na manyoya ya tai yanayohesabika moja moja. Tena, kuchakaa hupunguza uzito bila kubadilisha densiti ya madini. Niliyaandika hayo kwa sentensi mbili na kuishia hapo.

Kuhusu kutopokea bidhaa zilizorudishwa, sheria ya hapa imekwisha kulisema. Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 inataka bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara ilingane na maelezo yake, na isipolingana, mnunuzi ana siku 30 za kuikataa na kurudishiwa pesa zake zote, huku muuzaji akibeba gharama za kawaida za kuirudisha. Mfanyabiashara hawezi kuifuta haki hiyo kwa kuandika mstari mmoja chini ya tangazo. Muuzaji wangu alikuwa na mamia ya bidhaa alizokwisha kuuza, kwa hiyo ilikuwa vigumu kwake kujiita mtu binafsi anayepunguza vitu vya nyumbani. Lakini hata angekuwa mtu binafsi, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya mwaka 1979 inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Anayenunua kwa mtu binafsi hupungukiwa na kinga nyingine, hasa zile za ubora, ila hii ya maelezo anabaki nayo. Wenzetu wengi hawalijui hilo, wakisikia neno "mtu binafsi" wanakata tamaa palepale.

Theluthi ya pesa niliikataa, na sababu haikuwa hesabu peke yake. Kubaki na sarafu ile baada ya kupokea punguzo kungekuwa kama kukubali kwamba kilikuwa kitu halali kilichouzwa ghali kidogo. Kadhalika sikuifunga kesi. Katika masoko mengi ya aina hii kesi ikishafungwa na mnunuzi haifunguki tena kwa urahisi, na ahadi ya kutumiwa pesa kesho haina nguvu yoyote baada ya hapo.

Muda aliopewa muuzaji wa kurekebisha mambo ulipokwisha bila makubaliano, nililiomba soko liingilie kati. Niliongeza ushahidi mmoja zaidi: nilikuwa nimeipeleka sarafu kwa muuza sarafu wa siku nyingi, mwanachama wa British Numismatic Trade Association, chama cha wauza sarafu cha Uingereza, ambaye aliitazama kwa muda mfupi kuliko nilivyotarajia, akaipima, akaniandikia sentensi mbili kwenye karatasi yenye jina la duka lake kwamba ni nakala iliyomiminwa. Hakunitoza chochote. Uamuzi ulitoka baada ya siku nne, nikatumiwa lebo ya posta ya kurudishia mzigo.

Hatua ya kufunga kifurushi ni ndogo, lakini hapo ndipo watu hupoteza madai waliyokwisha kuyashinda. Muuzaji anaweza kusema kwamba alirudishiwa kisanduku kitupu, au sarafu nyingine kabisa. Niliipiga sarafu picha pande zote mbili na ukingoni, nikikaza kwenye alama ambazo haziwezi kufanana na za nakala nyingine: mkwaruzo mfupi chini ya kidevu, na doa jeusi karibu na tarakimu 9. Kisha nikaweka simu juu ya rafu, nikajirekodi bila kukatiza nikiipima sarafu, nikiifunga, nikigundisha lebo na kusoma nambari ya kufuatilia kwa sauti. Mzigo niliukabidhi dirishani nikapewa risiti, wala sikuutumbukiza kwenye sanduku la barua. Ulipofika, muuzaji alinyamaza kwa siku tano, kisha pesa zikarudi zote, pamoja na posta ya kwanza.

Kama zisingerudi, nilikuwa nimekwisha kutazama njia nyingine mbili. Ya kwanza ni kuiomba benki iyarudishe malipo ya kadi, utaratibu unaotokana na kanuni za mitandao ya kadi yenyewe na ambao kwa kawaida una ukomo wa siku 120. Kuna pia kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Walaji ya mwaka 1974, kinachoifanya kampuni ya kadi ya mkopo iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu chenye bei ya zaidi ya pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000, lakini pesa zinapopita kwanza mikononi mwa soko la mtandaoni, uhusiano ambao kifungu hicho kinautaka unaweza kukatika, kwa hiyo sikukitegemea. Njia ya pili ni mahakama ya madai madogo, ambayo kwa England na Wales husikiliza madai yasiyozidi pauni 10,000, na mtu anaweza kuyafungua mwenyewe bila wakili.

Wiki tatu baadaye niliiona tena. Muuzaji alikuwa yuleyule, maelezo yalikuwa yaleyale, na nilipoikuza picha nikauona mkwaruzo chini ya kidevu na doa karibu na tarakimu 9. Tofauti ilikuwa moja tu: uzito haukutajwa safari hii. Nilikasirika kwa namna ambayo sikukasirika hata siku ya kwanza, kwa sababu sasa hakuweza kusema kwamba hajui. Niliripoti tangazo hilo, nikaambatanisha nambari ya kesi yangu, picha zangu na maandishi ya yule muuza sarafu, na siku ya pili yake likaondolewa. Ikiwa ameipeleka kwenye soko lingine, sina njia ya kujua.

Bado naitafuta rupia mbili ya kweli. Safari hii, kabla ya kulipa, nimewaomba wauzaji wawili waniletee picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani, tarakimu zikisomeka, na picha ya ukingo wake, nami nimewaeleza sababu kwa adabu. Mmoja alikataa na tukaachana salama. Wa pili amesema atanitumia kesho.