Siku moja maishani mwangu: beki wa kati, First League, Mwanza

Ukisema mtaani wewe ni mchezaji mpira, swali linalofuata ni lilelile kila siku: "sawa, na kazi unafanya wapi?" Nimeulizwa na wenye nyumba, nimeulizwa na mtu wa mikopo aliyetaka barua ya mwajiri, nimeulizwa na mjomba wa mke wangu mbele ya wazee wakati wa posa. Sasa leo nawaandikia siku yangu ya mechi mwanzo mwisho, mtu akimaliza kusoma aamue mwenyewe kama hii ni kazi au sio kazi.

Nina miaka 33, nacheza namba nne. Kwa wasiofuatilia, juu kabisa kuna Ligi Kuu yenye timu 16, chini yake Championship ambayo wazee wa mpira bado wanaiita Daraja la Kwanza, chini yake ndio First League ambayo zamani ilikuwa Daraja la Pili, halafu mabingwa wa mikoa, halafu mikoa na wilaya huko. Mimi niko hapo First League. Nimecheza Shinyanga, Tabora, Musoma, Bukoba, Kigoma, nimepanda Championship nikashuka tena, mikataba ya msimu mmoja mmoja, mwingine hata msimu haukuisha. Wenzangu wa aina hii wako wengi sana nchi hii na hakuna anayewaandika.

Saa 11 na nusu alfajiri

Mke wangu ameshaondoka zamani, yeye anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba na biashara ile haimsubiri mtu, mzigo unashuka watu wameshajipanga. Kwa hiyo watoto ni wangu asubuhi. Ila kabla sijashuka kitandani kuna shughuli ya enka ya kulia, naizungusha taratibu mpaka ilie kidogo, isipolia najua leo itasumbua. Leo imelia.

Tunakaa Mabatini, juu kwenye mawe. Waliofika Mwanza wanajua, nyumba zimepanda mlima na ngazi zenyewe nyingine ni jiwe limechongwa kidogo tu. Kushuka pale na goti lililocheza miaka yote hii sio mchezo, nashuka kwa upande, mguu mmoja kwanza, mkono kwenye ukuta wa jirani. Bibi wa nyumba ya chini yuko nje tayari anafagia, tunaamkiana kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayo," "Mwangaluka ng'wanawane, leo mnacheza na nani?" Huyu bibi hajawahi kuniuliza nafanya kazi wapi, anajua.

Saa 2 mpaka saa 7

Watoto shule, uji, daladala hadi kambini Pasiansi, mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo, kikao cha kocha na ubao wake, kuoga, kulala kidogo. Chakula cha mechi ni wali na nyama kidogo, maharage hayawekwi maana yanajaza tumbo, na ndizi mbivu moja moja. Kambi yetu ni nyumba ya kupanga, vijana wanalala wanne chumba kimoja, sisi wenye familia tunaruhusiwa kulala nyumbani ila siku ya mechi wote tunakula sufuria moja.

Saa 8 mchana

Kosta inatoka kuelekea uwanja wa Nyamagana. Njiani tunapita uwanja wa CCM Kirumba na kila tukipita pale wazee wawili watatu kwenye timu tunaanza kuwahadithia madogo. Mwaka 2017 Mbao, timu ya hapa hapa Mwanza, waliwatoa Yanga hapo hapo kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, bao 1-0, mji mzima ulilala macho. Wakaenda fainali Dodoma wakafungwa na Simba 2-1. Madogo wanapenda hiyo hadithi lakini mimi huwa naimalizia, maana msimu huohuo Toto Africans, nao wa hapa Mwanza, walishuka daraja, na mwaka 2020 Mbao wenyewe nao wakashuka. Pamba, wa mji huu huu, wamekaa chini zaidi ya miaka 20 ndio wakarudi Ligi Kuu 2024. Sasa timu ikishuka, gazeti linaandika timu imeshuka, basi. Hakuna anayeandika kwamba kuna kundi la watu wazima wenye familia wameambiwa kwa simu kwamba mkataba hauendelei, na dirisha la usajili likifungwa hujapata timu unakaa mpaka dirisha dogo la katikati ya msimu, miezi hiyo yote unakula nini? Ndio unawaona kwenye ndondo, mechi za mtaani, mtu aliyecheza na kina Samatta wa enzi zao anagombania mpira na vijana wa gereji kwenye kiwanja cha vumbi kwa pesa ya siku ile ile.

Na nieleze hapa kuhusu pesa maana watu wanachanganya. Ule mkataba wa Azam wa 2021 wa kuonyesha mechi kwenye TV, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, ni wa Ligi Kuu. Huku kwetu timu inaishi kwa mfadhili mmoja, diwani mmoja mwenye moyo, viingilio vya watu waliojaa jukwaa moja. Mfadhili akiugua tu, mishahara inaugua.

Saa 9

Tumefika, chumba cha kubadilishia. Daktari wa timu ananifunga enka, plasta nyeupe anaanzia chini ya unyayo, anapanda, anazungusha namba nane, anavuta mpaka vidole vinakuwa vyekundu, halafu naikanyaga sakafuni mara kadhaa ndio avute tena. Nikivua plasta hii jioni inatoka na nywele na ngozi. Marefa wanapita ukaguzi, leseni moja moja, sura na picha, njumu zinageuzwa, pete na cheni zinavuliwa.

Kisha kupasha. Nyamagana ni nyasi bandia na jua la Mwanza saa 9 na nusu linachemsha zile punje nyeusi za mpira zilizomwagwa kwenye nyasi, joto linapanda kupitia soli mpaka unahisi kwenye kisigino. Ila tukapasha vizuri kweli, nyama zikafunguka, pumzi ikakaa sawa. Nikamwambia beki mwenzangu, dogo wa miaka 19 kutoka Igoma, leo tunawafunga hawa, naona kabisa.

Saa 10 kasoro

Tumejipanga kwenye korido, watoto wa kuokota mipira wako tayari, wageni wako pembeni yetu, tunangoja refa atoe ishara. Refa hatoki. Kamisaa, msimamizi wa mechi, anapita anaongea na simu. Meneja wetu anapita anaongea na simu mbili. Ndio tukasikia, gari la wagonjwa halijafika.

Naomba mnielewe hapa. Bila gari la wagonjwa mpira hauanzi, na ni sawa kabisa usianze, nimeshamwona mchezaji amegongana kichwa na mwenzake akazimia, ulimi ukamziba koo, sitaki kuona tena. Na kulileta lile gari ni jukumu la mwenyeji, kwa hiyo muda wa kusubiri ukiisha anayepoteza pointi ni sisi, tunapoteza bila hata kugusa mpira. Gari lilikuwa limelipiwa, risiti ipo mfukoni mwa meneja, lakini hospitali husika walikuwa wamelituma kumfuata mama mjamzito, na hapo nani atalaumu? Wamwache mama wa watu waje kutuangalia sisi tunapiga danadana? Ila ndio tumesimama pale.

Saa 10 na dakika 5. Saa 10 na 10. Tukarudishwa chumbani tukae. Sasa mtu ambaye hajawahi kucheza hajui kinachotokea mwilini ukishapasha halafu ukakaa. Jasho linakauka mgongoni jezi inakuwa baridi, nyama za nyuma ya paja zinaanza kujivuta kidogo kidogo, goti linajaa. Dogo wa miaka 19 anaweza kukaa nusu saa akainuka akakimbia, mimi siwezi, kwa hiyo nikawa natembea mle ndani, kona hadi kona, napiga magoti juu, narudi, watu kumi na nane wamebanana kwenye chumba chenye benchi mbili na dirisha moja, harufu ya dawa ya kuchua imejaa mpaka macho yanawasha, kocha naye anarudia maneno yaleyale ya ubaoni mpaka akanyamaza mwenyewe. Dogo akaniuliza, "Kaka, wakitunyang'anya pointi na posho inakufa?" Nikamwambia tulia, fikiria namba tisa wao, yule mshambuliaji. Lakini swali lake lilikuwa la kweli kabisa, posho ya droo ipo, ya ushindi ipo, ya kunyang'anywa haipo, na mshahara wa mwezi uliopita na wa kabla yake bado.

Tukatoka tena kupasha kando ya uwanja na hapo ndio kuna shabiki mmoja, yuko pale kwenye wavu, yule yule wa kila mechi. "Babu! Babu wewe! Kapumzike uwaachie watoto!" Anasema hivyo mbele ya mwanangu wa kwanza ambaye ametoka shule kaja na rafiki zake kunitazama. Nikamwangalia mwanangu, ameinamisha kichwa anachezea kamba ya begi. Siku nyingine maneno haya yanapita. Leo yalikaa. Huyu mtu akienda kazini kwake nani anamzomea tangu anafungua mlango mpaka anafunga? Nimelima huu uwanja, nimecheza na sindano ya maumivu, nimesafiri usiku kucha Kigoma mpaka Mwanza nikashuka kwenye basi nikaenda mazoezini, mimi sina cha kuonea haya mbele ya mtoto wangu. Nikaendelea kupiga magoti juu.

King'ora kikasikika ule upande wa barabara. Watu wakapiga makofi utadhani bao. Dereva wa lile gari kaingia anapunga mkono, na meneja wetu, mtu mzima na mvi zake, akakaa chini pale pale kwenye nyasi akashika kichwa. Mama alikuwa amefikishwa salama, dereva ndiye aliyesema.

Mechi

Tumeanza kama saa 11 kasoro, saa yangu iko kwenye begi sijui vizuri. Dakika za mwanzo mguu ni mzito kama umebeba ndoo. Namba tisa wao ana mbio, mimi mbio sina tena, ila nina macho, namwangalia kiungo wao anaponyanyua kichwa, nikiona bega limegeuka kulia mimi nimeshaanza kurudi nyuma kabla mpira haujapigwa. Hiyo kitu hakuna kocha alinifundisha, imekuja na viwanja. Dogo nampangia kwa sauti muda wote, panda, baki, wako huyo, toka toka, mpaka koo limekauka. Tukafunga kwa kona kipindi cha kwanza. Wakarudisha kwa frikiki kipindi cha pili, mpira umegonga mgongo wa mtu ukabadili njia, kipa hana la kufanya.

Baada ya hapo sikumbuki dakika, nakumbuka paja la kushoto linavuta, nakumbuka nimeteleza kuzuia krosi na nyasi bandia ikanichubua nyonga, kidonda kile kama cha moto, na zile punje nyeusi zimeingia ndani yake. Nakumbuka mpira wa mwisho kabisa namba tisa amebaki na kipa na dogo akatokea sijui wapi akautoa kwenye mstari. Filimbi. 1-1. Nikamnyanyua yule mtoto juu juu na paja langu hilohilo.

Usiku

Posho ya droo imetoka, mkononi, hapo hapo, na kiongozi kasema mishahara wiki ijayo. Nimerudi na mwanangu kwa daladala, kanibebea begi hadi juu kwenye mawe bila kuambiwa. Mke wangu amenisafisha nyonga kwa maji ya chumvi, anatoa punje moja moja kwa ncha ya pini, tunaongea habari za bei ya dagaa na ada.

Nimeshalala nusu simu inaita, dogo. Kuna timu ya Championship wametuma mtu, wamemuona leo, wamempa karatasi asaini kabla ya kesho mchana. Nikamwambia piga picha kila ukurasa nitumie. Nimesoma yote chini ya taa ya simu. Mshahara upo, ila tarehe ya kulipwa haijaandikwa. Nakala yake mwenyewe haipo, wanasema watakaa nayo ofisini. Na ukurasa wa mwisho umeachwa wazi, umesainiwa tu chini.

Nimempigia nikamweleza taratibu. Kanuni za FIFA tangu 2018 zinasema klabu ikikaa na mishahara yako miwili, unaiandikia barua unaipa siku 15, zikipita hawajalipa una haki ya kuvunja mkataba. Ila utaidai vipi haki hiyo kule TFF, shirikisho letu la mpira, kwenye Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji kama huna nakala, na karatasi haisemi siku gani ya mwezi unatakiwa ulipwe? Mimi klabu moja ilibaki na miezi yangu kwa sababu hiyohiyo, karatasi ilikuwa kabatini kwao.

"Kaka lakini wamesema nisipo-saini kesho wanachukua mwingine."

Nikamwambia mwambie huyo mtu una kaka yako anataka kuonana naye, kesho saa 4, tunakwenda wote. Aje na kalamu aandike tarehe, ajaze na ule ukurasa wa mwisho, na nakala mbili zitolewe pale stationari huku tunaangalia. Ya photocopy nalipa mimi.