Jiwe la Kusagia la Hyrax Hill

Mwezi wa Agosti mwaka 2009 mama yangu alisafiri kutoka Siaya kuja kunitembelea Nakuru, mji ambao wakati huo nilikuwa nimeuhamia kikazi kwa mwaka mmoja tu. Ulikuwa mwaka wa ukame mkali, vumbi limetanda kila mahali, na nilikuwa nimepanga kumpeleka mbugani akaone vifaru na flamingo. Alikataa kwa upole. Aliniambia kwamba wanyama amewaona vya kutosha maishani mwake na kwamba, ikiwa nataka kumtembeza, nimpeleke mahali penye habari za watu. Ndipo nilipokumbuka ile jumba ndogo ya makumbusho ya Hyrax Hill, umbali wa kilomita nne hivi kutoka katikati ya mji kwenye barabara ya kwenda Nairobi, ambayo nilikuwa nikiipita kila mara bila kuingia.

Tulipanda matatu ya Lanet, tukashuka njia panda na kutembea taratibu kuelekea kilimani, mama akiwa na mwavuli wa kujikinga jua. Kilima hicho kilipewa jina la Kiingereza kwa sababu ya pimbi waliokuwa wakiishi katika nyufa za miamba yake. Siku hiyo hatukumwona hata mmoja.

Makumbusho yenyewe imo katika nyumba iliyokuwa makao ya familia ya walowezi walioitwa Selfe, katika zama ambazo ardhi yote hiyo ilikuwa mashamba ya Wazungu. Nyumba ilitolewa iwe makumbusho na watu wakaanza kupokelewa mwaka 1965, miaka miwili tu baada ya Uhuru. Mama alisimama mlangoni kwa muda kabla ya kuingia. Marehemu baba yake aliwahi kufanya kazi ya mpishi katika nyumba ya mlowezi, upande wa Njoro, na alikuwa akiwasimulia watoto wake kwamba kwa miaka yote ile hakuwahi kuketi katika chumba chochote cha nyumba hiyo isipokuwa jikoni. Mama hakusema neno juu ya hilo pale mlangoni, alivua viatu, kama anavyofanya kila anapoingia nyumba ya mtu, na kijana aliyetupokea akamwambia kwa heshima, “Karibu, Mama, vaa tu viatu, sakafu ni baridi.”

Vyumba ni vichache na vimejaa. Kimoja kilikuwa na vitu vya jamii za Bonde la Ufa, vikiwemo vibuyu vya maziwa ambavyo Wakalenjin huviita sotet, na mama alivipita haraka. Katika chumba cha vitu vilivyochimbuliwa alikaa karibu saa nzima. Kijana yule alitueleza kwamba Louis Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikitambua kilima hicho mwaka 1926, na kwamba mkewe, Mary Leakey, ndiye aliyekuja kukichimba kwa utaratibu kuanzia mwaka 1937. Alituonyesha visu na vichokonoo vya jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, liitwalo obsidiani, ambalo hupatikana pale ambapo lava imepoa haraka mno. Mama alisema kwamba wembe wa kwanza wa binadamu basi ulitoka kwenye moto.

Kisha tukafika kwenye mawe. Yalikuwa mabakuli na sahani za mawe zilizochongwa, pamoja na mawe ya kutwangia, na kijana akaeleza kwamba yalitoka katika makaburi ya wafugaji walioishi hapo miaka ipatayo 3,000 iliyopita. Jambo ambalo sijalisahau ni lile aliloongeza baadaye: wanaume katika makaburi hayo walizikwa bila kitu, lakini wanawake walizikwa na vyombo vyao vya mawe. Nilikuwa nimekwisha kuanza kusogea kwenye kabati lililofuata niliposikia mama akimwambia, “Hebu rudia hapo, mwanangu.” Akarudia. Mama akauliza kama ni wanawake wote. Kijana akajibu kwamba hivyo ndivyo wachimbuaji walivyokuta.

Lazima niseme kidogo juu ya mama na mawe. Yeye aliolewa akiwa na jiwe lake la kusagia, ambalo kwa Dholuo huitwa pong', alilopewa na nyanya yake. Kwa miaka mingi alipiga magoti mbele ya jiwe hilo kabla ya alfajiri, akasaga wimbi na mtama na mihogo mikavu, mpaka kinu cha mashine kilipofika sokoni, na hapo jiwe likatolewa nje likawa la kuwekea kuku maji. Sisi watoto tuliokuja mwishoni hatukumwona akisaga hata siku moja. Nilikuwa nikilijua jiwe lile kama kitu cha kuku tu.

Sasa alikuwa ameinama juu ya kioo, akisoma yale mawe kama mtu anayesoma barua. Alinionyesha jinsi uso wa moja ulivyobonyea upande mmoja zaidi ya mwingine, akasema kwamba aliyelitumia alikuwa na mkono mmoja wenye nguvu kuliko wa pili, kwa maana msagaji huegemea upande wake. Alitafuta alama za kugongwagongwa, akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza: kwamba jiwe likisagiwa muda mrefu huwa laini na kuanza kuteleza, nafaka ikawa inakimbia badala ya kusagika, na hapo mwanamke hulazimika kuchukua jiwe gumu zaidi na kuligonga uso mzima ili lipate meno upya. Kazi hiyo, alisema, hujaza vumbi machoni na siku hiyo unga huwa na mchanga. Kijana wa makumbusho aliacha kueleza akawa anasikiliza. Nadhani ndiyo maelezo bora niliyowahi kuyasikia ndani ya makumbusho yoyote, na hayakuwa yameandikwa kwenye kibandiko chochote.

Baada ya hapo mama aliuliza swali lililotunyamazisha sote wawili. “Kama walimzika na jiwe lake, si walitaka abaki nalo?” Kijana alijibu kwa uangalifu kwamba bila kuchimbua, tusingejua kwamba watu hao waliishi. Mama alikubali kwa kichwa, lakini aliweka kiganja juu ya kioo kabla ya kuondoka, na mimi nikaona kwamba hakuwa amekubali kwa moyo wote. Mpaka leo naona wote wawili walikuwa na haki.

Nje tulipelekwa kwenye mashimo mapana yaliyochimbwa mtelemkoni, yale yanayohusishwa na Wasirikwa, watu wa kale wanaotajwa katika simulizi za Wakalenjin. Zamani watafiti walidhani watu waliishi ndani ya mashimo hayo. Baadaye ikabainika kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, nyumba zikijengwa ubavuni, na kwamba kichuguu kilicho karibu na mlango ni samadi na matope yaliyozolewa humo. Mama aliyaelewa mara moja. Juu ya miamba tulikuta safu za vishimo vya bao vilivyochongwa, mchezo ambao kwetu huitwa ajua, akaingiza vidole katika kimoja baada ya kingine akihesabu.

Tulipofika kileleni, Ziwa Nakuru kule chini lilikuwa limenywea, ukingo wake mweupe kwa magadi. Kijana alisema kwamba maelfu ya miaka iliyopita ziwa lilikuwa kubwa kiasi kwamba maji yalifika kwenye kilima hicho. Mama alitazama ule umbali wote, akatabasamu kwa adabu ya mtu asiyeamini. Miaka michache baadaye, maji ya Ziwa Nakuru yalipofurika na kumeza lango la mbuga, alinipigia simu baada ya kusikia habari redioni. “Yule kijana,” akasema, “alisema kweli.”

Kabla hatujaondoka aliomba kurudi ndani. Hakutazama kitu kingine. Alikwenda moja kwa moja kwenye yale mawe, akasimama kimya, akatoka.

Desemba hiyo nilikwenda nyumbani kwa Krismasi. Kuku walikuwa wakinywa maji kwenye sufuria kuukuu. Nilimkuta mama amekaa kibarazani, jiwe la nyanya yake likiwa limesuguliwa safi miguuni pake, na kokoto gumu mkononi, akiligonga polepole uso mzima. Aliniambia nisogee mbali kidogo, vumbi lisije likaniingia machoni.