Mstari Nilioruka

Jumatatu ya tarehe 31 Mei 2004, siku moja baada ya Pentekoste, nilitoka shuleni saa kumi na moja alfajiri nikiwa na barua kwenye mkoba na binti wa kidato cha tatu kando yangu. Kazi niliyopewa ilikuwa fupi: nimfikishe kwao, milimani juu ya Mbinga, niwakabidhi wazazi barua, wanisainie nakala, nirudi.

Nilikuwa na miaka 28, na nadhiri zangu zilikuwa bado za muda. Nilifundisha hesabu, na kwa kuwa ndiye niliyekuwa mdogo kuliko masista wote wa nyumba ile, umatroni wa bweni nao uliniangukia. Baada ya likizo fupi ya Pasaka alikuja nesi kuwapima wasichana. Walipanga mstari mrefu nje ya chumba, anaingia mmoja, analala, anaminywa tumbo, anatoka, anaingia mwingine. Mimi nilishika daftari la majina na kupiga vyema. Alipofikiwa binti huyu, nesi alinyanyua kichwa akanitazama, na kalamu yangu ikabaki hewani.

Wazazi waliandikiwa waje, hawakuja. Pengine barua haikufika, pengine nauli haikupatikana. Mkuu wetu akaniita akasema, "Sista, utampeleka wewe. Kwa utii." Nilijibu ndiyo kabla hajamaliza.

Siku hizo kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi zilikuwa bado mpya. Miaka mingi baadaye nilikaa nikazisoma mwenyewe. Neno mimba sikuliona. Zinataja kosa dhidi ya maadili, zinataja mwanafunzi aliyefunga ndoa. Lakini kila shule niliyoijua, ya serikali na ya kanisa, ilisoma "maadili" ikaelewa tumbo la msichana. Mwanamume aliyempa mimba hiyo, popote alipokuwa, hakuna aliyemwandikia barua.

Misa ya sikukuu niliikosa, ila masomo nilikuwa nimeyapitia usiku kwa sababu zamu ya kusoma ilikuwa yangu kabla sijapangiwa safari. Ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria kumtembelea Elizabeti. Mariamu akaenda hata nchi ya milimani kwa haraka. Ningesema kwamba pale pale niliona mambo yanavyofanana, ningekuwa nadanganya. Nilichowaza ni kama basi la Mbinga lingetuachia viti vya mbele, maana huko nyuma mtu aliweza kutapika hadi nyongo.

Barabara ya Songea hadi Mbinga, kilomita 100 hivi, ilikuwa bado ya vumbi. Tulipoiacha njia ya kwenda Peramiho shela yangu nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya tofali. Hatukuwa tumeongea chochote zaidi ya "sogea kidogo." Ndipo akafungua begi lake.

"Sista, zile hesabu za Ijumaa sijakusanya."

Akanipa daftari. Maswali matano ya duara. Nikatoa kalamu nyekundu, nikasahihisha basi likirukaruka, vyema vikatoka vimepinda kama nyoka. Manne alipata. La nne alikosea alama ya kutoa tu, njia yote ilikuwa sawa.

"Hili utalirudia," nikamwambia.

"Lini, Sista?"

"Kesho." Lilinitoka kwa mazoea ya darasani. Akachukua daftari, akalirudisha begini, akageukia dirishani.

Kutoka Mbinga tulipanda kwa miguu zaidi ya saa mbili. Asiyefika Umatengo, nchi ya Wamatengo, hajui mlima unavyoweza kulimwa: miteremko yote imechimbwa ngoro, shimo na tuta, shimo na tuta, kama sega la nyuki, na maharage yamesimama juu ya matuta. Wanawake tuliowapita waliacha majembe wakatusalimu. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele amina." Kila mmoja alimtazama binti, akanitazama mimi, akajua.

Nyumbani tulimkuta bibi peke yake; wazazi walikuwa shambani wakichuma kahawa ya mwanzo. Alifurahi kwanza. Akauliza kama shule imefungwa mapema. Nikatoa barua. Akaishika, akaigeuza, akanirudishia.

"Nisomee, Sista. Mimi macho haya ni ya kutazama tu."

Nikasoma. Salamu, jina la mwanafunzi, kidato, tarehe ya kupimwa, kwamba ni mjamzito. Mstari uliofuata ulisema amefukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili na kwamba hatapokelewa tena. Macho yangu yaliupita. Nikasoma badala yake, "tunaomba mumtunze vizuri," maneno ambayo hayakuwemo popote kwenye ile karatasi. Bibi akatikisa kichwa taratibu. "Tutamtunza. Ni wa kwetu." Akamwambia mjukuu aende kuoga, maji yako jikoni.

Nilijiona nimefanya huruma. Nilikaa kwenye kigoda nikanywa kahawa yao nikiwa karibu na amani.

Baba alirudi jioni. Alikuwa kiongozi wa jumuiya ndogo ndogo, mtu wa kusoma Injili kila wiki mbele ya majirani, na barua aliisoma hivyo hivyo, wima, kwa sauti, karibu na koroboi, bila kukimbia hata neno moja. Alipofika kwenye mstari ule aliusoma kama ulivyo.

Bibi akasema, "Hilo Sista hakulisoma."

Hakuwa analaumu. Alikuwa anashangaa tu. Baba aliniangalia, akaikunja karatasi mara mbili. "Vumbi la njiani, mama," akasema. "Macho huchoka." Kisha akaomba kalamu, akasaini nakala yangu juu ya goti lake.

Ningependelea anifokee. Nimefokewa na wazazi wengi tangu hapo, na hakuna aliyenifikia pale aliponifikia mtu huyu kwa kunisitiri.

Usiku tulipewa chumba kimoja na kitanda kimoja. Masifu ya jioni nilikuwa sijasali. Nikakaa ukingoni mwa kitanda na kitabu changu, midomo ikitembea kimya.

"Soma kwa sauti, Sista. Mimi nimezoea kujibu."

Tukasali kama kikanisani, pande mbili, ila katikati yetu lilikuwa blanketi. Tulipofika kwenye wimbo wa Maria upande wake ulikuwa na "kwa kuwa ameutazama unyonge wa mjakazi wake." Alikuwa anaujua kwa moyo. Hakuruka hata mstari.

Unovisini, kwenye malezi ya kabla ya nadhiri, mlezi wetu alirudia mara nyingi kwamba mtii ni anayesikiliza kwanza. Mimi nilitii wiki nzima pasipo kumsikiliza mtu; hata binti mwenyewe sikumuuliza swali moja, si nani, si ilikuwaje, si unaogopa nini. Nilimuuliza usiku ule, taa ikiwa imezimwa. Aliyonijibu ni yake, sitayaandika.

Nadhiri za daima niliziweka hata hivyo, na neno utii nililitamka polepole kuliko mengine. Mwishoni mwa 2021, ulipotoka Waraka wa Elimu Namba 2 unaowaruhusu waliojifungua kurudi shuleni, walimu wenzangu walibishana chumbani hadi chai ikapoa. Mimi nilikuwa nafanya hesabu kichwani: mtoto wa yule binti anafikisha 17, kidato cha tatu au cha nne.

Asubuhi baada ya usiku ule, bibi alinifungia kuku miguu kwa kamba ya mgomba. Nilikataa, akasema kwao mgeni hashuki mlima mikono mitupu. Basini nilimweka chini ya kiti, naye akapiga kelele kila tulipogonga shimo, hadi kondakta akauliza, "Sista, huyu naye anashukia wapi?" Watu wakacheka, nami nikacheka.

Mkuu alinipokea getini. Akatazama sahihi kwenye nakala, akaridhika, akaomba tiketi kwa ajili ya kitabu cha hesabu. Nikampa tatu. Akazihesabu, akaandika pembeni kwa penseli: kwenda wawili, kurudi mmoja. Kisha akauliza kuku ametoka wapi.