Nilikisoma kitabu nusu

Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu kabla havijaenda mashineni. Maneno ninayoyasikia sana kwa wateja ni haya: "Toa hizo picha, tupunguze kurasa." Huwa natoa. Karatasi ni ghali, na kitabu si changu. Ila tangu mwezi uliopita mkono unasita.

Nilisoma Vanity Fair, riwaya ya Mwingereza William Thackeray, nikiwa chuoni, toleo la bei rahisi, maandishi matupu, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Nilimaliza nikiwa na swali moja: Becky Sharp, mhusika mkuu, alimuua Jos au hakumuua? Jos ni bwana mnene, mwoga, mwenye bima ya maisha. Karibu na mwisho anamlilia rafiki yake Dobbin kwamba Becky ni mwanamke wa kutisha. Baada ya miezi mitatu Jos amekufa, na Becky anagawana pesa za bima na dada wa marehemu. Mawakili wa Becky wanaitwa Burke, Thurtell na Hayes, yote majina ya wauaji mashuhuri wa zamani. Kidokezo hicho, lakini si ushahidi.

Mwezi uliopita nikakuta kwenye intaneti nakala yenye michoro yote, kama ilivyotoka kwa matoleo ya kila mwezi, 1847 hadi 1848. Nikaenda moja kwa moja kwenye sura ya 67. Mchoroni, Jos anamsihi Dobbin kama mtoto anayeomba asichapwe. Na nyuma ya pazia, nani kajibanza? Becky! Chini pameandikwa kwamba anaonekana kwa mara ya pili kama Clytemnestra, yule mke wa hadithi za Kigiriki aliyemuua mumewe. Mara ya kwanza ilikuwa sura ya 51, kwenye maigizo ya karamuni, watu wakimpigia makofi. Maandishi hayasemi popote kwamba Becky alikuwa chumbani siku ile. Hata pazia halitajwi. Miaka yote hiyo nilikuwa nimenyimwa ukurasa wa kesi.

Michoro hiyo aliichora Thackeray mwenyewe. Mwaka 1836, Robert Seymour, mchoraji wa Pickwick Papers, riwaya ya Charles Dickens, alipojiua, Thackeray alimwendea Dickens na michoro yake kuomba nafasi hiyo. Akakataliwa. Muda si mrefu kazi ikamwangukia Hablot Browne, kijana wa miaka 20, aliyejiita Phiz.

Kwa mkono, Phiz anamshinda mbali. Watu wa Thackeray wakati mwingine wana miguu kama ya kuazima. Lakini Thackeray alikuwa na kalamu zote mbili, kwa hiyo aliweza kunyamaza huku na kusema kule. Hata herufi za kufungulia sura alizichezea. Sura ya 64 inafunguliwa na Becky kavalishwa kama Napoleon, yule yule ambaye Becky alimpigia kelele za kumtakia maisha marefu mwanzoni mwa kitabu alipokuwa akitoka shuleni. Toleo langu la chuoni liliweka herufi ya kawaida tu.

Juzi mteja kaleta hadithi yenye michoro 14. "Toa hiyo yote," akasema. Nikamuuliza kama mchoraji ndiye mwandishi. Akanitazama kama nimechanganyikiwa, akauliza hilo linabadilisha bei kwa kiasi gani.