Vilima vitatu

Jumanne, usiku

Leo mashine ya eksirei, inayoonyesha mpangilio ulio ndani ya unga wangu, imenipa vilima vitatu kwenye mchoro: kimoja kirefu, viwili vifupi. Nafasi zao, ukizilinganisha, ni 1, kipeuo cha pili cha 3, na 2, yaani mpangilio wa pembe sita. Niliukodolea macho mchoro ule mpaka dada ninayeshirikiana naye meza akauliza, "Vipi, kuna habari mbaya?" Sikuweza kumjibu mara moja.

Wiki iliyopita mchoro ulikuwa bapa. Umeme ulikatika usiku, maji yanayoizunguka chupa yakapoa, nami asubuhi nikakuta unga mweupe, mzuri kwa macho, usio na mpangilio wowote ndani. Iliniuma sana.

Ninafuata njia ya akina Dongyuan Zhao na Galen Stucky wa Santa Barbara, ya mwaka 1998: kuipanga silika, kauri ya dutu ileile ya mchanga, kwa kutumia polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo. (Mwaka mmoja kabla, kundi la Ulrich Wiesner kule Mainz lilitumia polima ya aina hii kuipanga kauri ya aluminosiliketi, yaani silika yenye alumini.) Unapima gramu 4 za P123, ndiyo polima yenyewe, nyeupe, inanata kama mafuta ya mgando, haitaki kuachia kijiko. Katikati ya mnyororo wake kuna sehemu inayokimbia maji. Ncha zote mbili zinayapenda. Zingekuwa mbalimbali zingetengana kama mafuta yanavyopanda juu ya mchuzi. Lakini zimefungamana, haziwezi kuachana, basi hutengana papo hapo, ndani ya nanomita chache.

Unaiyeyusha kwenye maji yenye asidi, nyuzi 35, kisha unatia TEOS, kimiminika kinachozaa silika. Kwa muda kimiminika kinabaki angavu kama maji ya mvua. Halafu kinageuka maziwa. Hapo ndipo silika inazishika zile ncha zinazopenda maji, na pamoja zinajipanga vijiti kwa vijiti, kama sega la nyuki. Nimeshaona mara nyingi, na bado huwa naacha kila kitu nisimame kutazama.

Baadaye ni tanuri: nyuzi 500, saa 6. Polima inaungua yote, vinabaki vijia vitupu. Gramu moja ina eneo la mamia ya mita za mraba. Wengi huuthamini unga huo. Mimi naupenda zaidi mseto wa kabla ya moto, polima na kauri zikiwa bado zimeshikana.

Kiasi kidogo sikukichoma. Nimekitia kwenye kichupa, nikaandika tarehe ya leo.